Kitalu Kiko Kisogoni

Mwezi uliopita tulipokutana Mwanza kwenye semina ya mabwana shamba, nyote mliniuliza swali moja, na wengine mliliuliza mkiwa mmejishika mbavu: kama kweli Gosbert alikwenda Bombay kupandikizwa nywele, mbona kichwa chake ni kitupu kama kiganja? Nilijibu kwamba habari ni ndefu. Mkasema nimetapeliwa. Sikutapeliwa. Nimerudi Nshamba, mvua inanyesha tangu asubuhi, hakuna mkulima atakayenihitaji leo, kwa hiyo naandika.

Habari za pasi, tiketi na barua za wizara naziruka, maana mnazijua na zinachosha. Jueni tu kwamba nilipelekwa India miezi sita kujifunza vitalu vya kahawa, na kwamba nusu ya posho ya chakula sikuila. Niliiweka kwa ajili ya daktari.

Upara wangu ulianza mwaka wa vita. Nilikuwa nimepangiwa Kaagya, upande wa mpakani, na tulipoambiwa tuondoke kila mtu alibeba alichokithamini: cherehani, mbuzi, picha ya harusi. Mimi, mtumishi mtiifu, nilibeba kichwani mashine ya taipu ya idara mpaka Muleba. Miguu ilipona baada ya wiki moja. Utosi haukupona. Madaktari wanasema upara hausababishwi na mashine ya taipu, lakini wao hawakuibeba.

Baadaye ukaja ule ugonjwa, na watu wetu wakaanza kutazamana vichwa. Nywele zikipungua, au zikiwa laini kuliko zilivyokuwa, mtu alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sijaoa, na wazazi wa wasichana wawili walikuwa wameniulizia afya yangu kwa upole uliozidi kiasi. Ndiyo sababu nilikwenda kupandikizwa nywele: ili watu waache kudhani nakufa. Mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Bombay hadi Dar es Salaam

Daktari alikata vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kisogoni, ambako bado nilikuwa tajiri, akavipanda mbele kimoja kimoja kwa mistari. Alikuwa amenitia ganzi lakini nilikuwa macho. Nilimuuliza ameacha nafasi gani kati ya mche na mche, hakunielewa. Mwishoni alinionya kwamba nywele zilizopandwa zitaanguka zote baada ya wiki mbili tatu, halafu zitakaa kimya miezi kadhaa kabla ya kuota. Nilitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo pia alikuwa amenikataza.

Vidonda vilihitaji muda, na tarehe ya kuripoti kazini ilikuwa imefika. Nikaenda posta. Telegramu hulipiwa kwa neno, na mimi ni mtu mwangalifu, basi nikaandika: NACHELEWA NIKO MATIBABU MSIJALI. Nilitoka pale nikijisifu kwa ufupi wangu.

Katika ndege bandeji yangu ilileta heshima. Bwana mmoja alinichukua kuwa Kalasinga mweusi, akanisalimu kwa lugha yao, nami nikamjibu kwa Kihaya, akaridhika. Dar es Salaam mambo yakawa mengine. Ofisa wa forodha alinitazama, akatazama sanduku, akanitazama tena.

"Fungua hicho kilemba."

"Si kilemba, ni bandeji."

"Ndiyo maana nasema fungua."

Nadhani alitegemea dhahabu. Nikafungua. Alipoona ile mistari ya magamba meusi alirudi nyuma hatua mbili, akatia sanduku langu alama ya chaki bila kuligusa.

"Pole sana, ndugu. Unatoka mkoa gani?"

"Kagera."

"Aaa," akasema, na ile aaa ilikuwa ndefu. Nilitoka nje nikijiona mtu mwenye bahati.

Treni, siku nne badala ya mbili

Mvua zilikuwa zimechimba tuta la reli mbele yetu, tukakaa Saranda siku mbili kasoro. Mnaoijua Saranda mnajua kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kukwama, kwa sababu ya kuku wa kuchoma. Siku ya kwanza tuliwasifu. Siku ya pili tulikuwa tunawatazama tu wakipita dirishani kwenye masinia.

Katika behewa letu alikuwamo Bi Mwajuma, mwenyeji wa Bukoba mjini, ambaye babu yake alitoka pwani na kuacha nyuma kila kitu isipokuwa Kiswahili. Alinitazama siku nzima bila kuuliza neno. Asubuhi yake alifungua furushi akatoa kofia nyeupe ya kutarizi.

"Vaa hii, mwanangu. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Upepo na nzi si wazuri kwa kichwa kama hicho."

"Bi mkubwa, siwezi kuchukua kofia ya marehemu."

"Wewe vaa. Na mimi sikuulizi kitu. Yeye pia nilikataza asiulizwe."

Nikaivaa, nikamshukuru, nikadhani ndiyo adabu ya watu wa mjini. Adhuhuri wanaume watatu wakaja dirishani wakaniomba nishuke niwasalishe, kwa kuwa kofia yangu ilikuwa nzuri kuliko zao. Nikawaambia naitwa Gosbert. Walitazamana kidogo, mmoja akasema Mungu ni yule yule, wakaenda wenyewe.

Meli, Mwanza hadi Bukoba

Bandarini Mwanza palikuwa na foleni ya kutisha, lakini kila nilipofika watu walinipisha. Kijana mwenye misuli alisimama akanipa nafasi yake kwenye benchi. Mama mmoja alinimenyea chungwa. Nikampa karanga zangu, akasema ameshiba, na mtoto wake aliponyoosha mkono kwenye karanga akaurudisha taratibu mapajani. Nikaona watu wa Kagera wamekuwa wastaarabu sana nilipokuwa mbali.

Kule chini, karibu na magunia, palikuwa na majeneza mawili. Mnajua kama sisi, meli ya kwetu haisafiri bila mtu anayerudishwa nyumbani.

Kulipopambazuka nikaona kisiwa cha Musira na mwamba wa Bukoba nyuma yake, nikafurahi, nikavua kofia nijikune. Nywele zote zilizopandwa zilibaki ndani ya kofia. Nilizitazama. Benchi zima lilizitazama. Mzee aliyekaa mbele yangu akafanya ishara ya msalaba, polepole, akijifanya anajipangusa kifua.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilijitazama kwa macho yao. Nilikuwa nimekonda, kwa sababu ya posho. Nilitoka kwenye matibabu ng'ambo. Kichwa kilikuwa na vidonda, nywele zinaanguka zenyewe, na nilikuwa nimevaa kofia ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa ambao mkewe hakutaka uulizwe. Hata mimi ningejizika.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Watu wawili walikuwa wanarudi kwao ndani ya mbao, na mimi nilikuwa juu yao nalilia nywele. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile nilipoambiwa kwamba mashine ya taipu niliyoibeba ilikuwa mbovu tangu kabla ya vita.

Bukoba hadi Nshamba, kwa Land Rover ya idara

Aliyenipokea ni Deusi, bwana mifugo wetu, ambaye meza yake na yangu ziligusana ofisini. Wachache kati yenu mlimjua. Kwa wasiomjua, Deusi alikuwa mtu wa kicheko kilichosikika kabla yake mwenyewe hajaonekana, na hakuna jambo alilolitania kuliko upara wangu. Aliuita uwanja wa ndege. Siku ile hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wasibota, waitu," akasema, kama anavyosalimiwa mtu mzima, kisha akaninyang'anya sanduku. Niliona shati lake limekuwa kubwa.

"Telegramu mliipata?"

"Tuliipata. Mkuu aliisoma mbele ya ofisi nzima. Tulipofika kwenye 'msijali' tukanyamaza."

Tulipopita Muhutwe alisimamisha gari, akanunua ndizi za gonja zilizochomwa kwa mama wa barabarani, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro. Aliziweka kwenye kipande cha jani la mgomba, akaanza kunimenyea iliyokuwa ya moto zaidi.

"Gosi," akasema, "na mimi nimo."

"Umo wapi?"

"Humo humo ulimo wewe. Nilipimwa ulipokuwa India. Mke wangu anajua ninakohoa tu. Sijamwambia mtu." Alipuliza vidole. "Telegramu yako ilipofika, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema angalau tutakuwa wawili."

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Maneno yalikuwapo kabisa: Deusi, mimi nilikwenda kupandikizwa nywele. Yeye akaninyooshea gonja iliyomenywa vizuri, bila uzi hata mmoja.

"Ndiyo," nikasema. "Tuko wawili."

Katika safari nzima, hilo ndilo jambo moja ninalolijutia.

Kazini

Ofisini nilikuta kiti changu kimewekewa mto. Watu wote walikuwa wakiongea kwa sauti ya kanisani. Mkuu wetu, mzee Laurenti, ambaye kwa miaka minane alinifokea kila Jumatatu, alinifungulia mlango.

"Pumzika, Gosbert. Pikipiki tumeiweka. Kuna kijana anatoka Muleba, mwisho wa mwezi atashika kitalu chako."

"Mzee, mimi nataka kazi yangu."

"Najua. Wote huitaka." Akanionyesha barua iliyokwisha kuchapwa, iliyobakia sahihi tu. Ilisema nitapumzika nyumbani kwa muda usiojulikana. Mzee Laurenti ni mtu mwema. Alikuwa ameiandika kwa maneno mazuri kuliko barua zote alizowahi kuniandikia.

Basi hali ilikuwa hivi. Nikinyamaza, napoteza kazi ambayo ndiyo maisha yangu, na kijana asiyejua tofauti ya mche wa kahawa na wa mnavu ataua kitalu nilichokilea tangu vita viishe. Nikisema, wilaya nzima itajua kwamba wakati wenzangu wanazika, Gosbert alikuwa Bombay anajirembesha. Hilo la pili ningelivumilia. Ambalo sikuweza kulivumilia lilikuwa Deusi.

Kila jioni alikuja na akamwani kwenye kikebe chake, tukakaa barazani tukitafuna zile kahawa kavu. Alizungumza mambo ambayo hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Aliogopa zaidi kwamba mtoto wake mdogo atasahau sura yake. Aliuliza kama mimi nalala. Nilimwambia kwamba silali vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Akiondoka aliniambia, "Kula, Gosi, hata kama hutaki," nami nilikuwa nakula kwa watu watatu, kwa kuwa wakulima hawakuacha kuniletea ndizi na samaki. Nilinenepa. Wakasema nimevimba.

Siku kabla ya yule kijana kuja, nilikuwa na somo moja la mwisho kitaluni: kupandikiza miche. Walikuja wakulima kama thelathini, mzee Laurenti akaja kuniaga kwa heshima, Deusi akaja kwa sababu ya urafiki. Niliwaonyesha miche niliyoihamisha wiki mbili kabla. Ilikuwa imedondosha majani yote.

Mama Kokugonza alikuwa mbele, kama kawaida. Ni mjane, mkulima bora kuliko sisi tuliosomea, na mwaka ule alikuwa amezika watoto wawili.

"Bwana shamba, hii si imekufa?"

"Haijafa, mama. Mche uliohamishwa huangusha majani kwanza. Mizizi ikishika, utachipua."

Akainama akautazama ule mche. Kisha akasema, taratibu, na machozi yanamtoka:

"Na wewe, bojo, mwanangu? Utachipua?"

Hakuwa anatania. Wote waliinamisha vichwa. Nilimtazama Deusi, naye alikuwa ananitazama kwa upole wa mtu aliyeulizwa swali lile lile. Nikajua siwezi kumwacha mama huyu anililie pamoja na wanawe. Nikavua kofia.

"Mama, mimi nilipandikizwa."

"Ulifanywaje?"

"Nywele. Nilipandikizwa nywele, Bombay. Daktari aliziweka hapa mbele. Zimeangusha majani. Siumwi kitu."

Nilisikia maji yanadondoka kwenye ndoo. Halafu Mama Kokugonza, machozi hayajakauka, akauliza swali ambalo mkulima yeyote aliyefundishwa na mimi angeliuliza:

"Kitalu kiko wapi?"

"Kisogoni."

"Geuka."

Nikageuka. Akasogea, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama nilivyowafundisha wakati wa kukagua, akatazama nyuma, akazunguka akatazama mbele.

"Mistari imenyooka," akasema. "Lakini nafasi amebana."

Alianza kucheka mtu mmoja nyuma, kisha kitalu kizima. Mama Kokugonza alinipiga kofi la bega lililoniuma kweli. "Wiki mbili nakulilia," akasema, "kumbe ulikwenda kupanda nywele," akacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Laurenti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitoa ile barua mfukoni, akaipasua, akasema Jumatatu nikachukue pikipiki na nisichelewe, sauti ikiwa imerudi kwenye ukali wake. Nilikuwa sijawahi kufokewa nikafurahi namna ile.

Aliyecheka kuliko wote ni Deusi. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani. Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikaendelea baada ya wengine kunyamaza.

Jioni hiyo hakuja barazani. Kesho yake pia hakuja. Siku ya tatu nikachukua kikebe changu mwenyewe nikaenda kwake. Alikuwa amekaa nje, kwenye kibanja, kando ya migomba, na blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa bado kali.

"Rudi nyumbani," akasema. "Wewe una kazi."

"Mchana nina kazi. Jioni sina."

"Ulisema ndiyo. Pale Muhutwe, ulisema tuko wawili."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanimenyea gonja."

Nilikuwa tayari kufukuzwa na nilijua nastahili. Kisha akachukua akamwani kwenye kikebe changu, akatia kinywani, akasogeza blanketi ili nipate pa kukaa.

"Vua kofia," akasema. "Sogea kwenye mwanga nikague."

Kituo cha mwisho

Tangu siku ile Deusi alijiteua kuwa mkaguzi. Kila Jumapili baada ya misa nilimpelekea kichwa. Alinipapasa kwa kidole kimoja, akatangaza: mstari wa pili, mche wa tatu umekufa, mstari wa nne unasuasua, ongeza samadi. Mwezi wa nne zikatokeza. Yeye ndiye aliyeziona kwanza, maana mimi sikuwa na kioo kizuri, na alimwita mke wake kutoka jikoni aje ashuhudie. Kufikia hapo mke wake alikuwa anajua yote, na alikuja akanipapasa naye, akasema ni ngumu, nywele halisi.

Deusi alikuwa akiisha huku mimi nikiota. Sote wawili tuliliona hilo na yeye ndiye aliyelisema. "Angalau mmoja kati yetu ameshika mizizi," akasema, akacheka bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha. Siku nyingine aliniambia, "Nikifa usinyoe. Wewe si wa ukoo wetu, hudaiwi. Na hizo zimetoka mbali."

Alikufa msimu wa senene, wiki ile ile niliponunua kitana changu cha kwanza tangu vita. Nilichana nywele asubuhi ya mazishi yake, mistari yote ikalala upande mmoja, na nilipotazama kioo sikuona raha yoyote.

Siku ya kumaliza msiba, ndugu zake wanne walikaa juu ya majani ya migomba nyuma ya nyumba ili wanyolewe, kama ilivyo desturi ya wafiwa. Nikaenda nikakaa wa tano. Baba yake mdogo, aliyeshika wembe, alifika kwangu akasita.

"Wewe hudaiwi," akasema. "Na marehemu alituagiza hizi zisiguswe."

"Najua alivyoagiza."

"Ninyoe zote?"

"Anzia mbele," nikamwambia. "Mstari wa kwanza ndio aliouona yeye kwanza."

Mlinikuta Mwanza wiki mbili baadaye. Zimeanza kuota tena, daktari hakunidanganya, na mwakani nitazileta mzikague mnavyotaka. Ila mliuliza kwa nini kichwa ni kitupu. Alipomaliza kutunyoa tuliinuka pale majanini watano, vichwa vyote sawa, na kwa mara ya kwanza tangu vita hakuna mtu aliyekitazama changu.